Hamira Iliyokwenda Kuposa Tumba

Vijana wangu, nimestaafu. Magoti yalistaafu kabla yangu, mgongo ukafuata, pua ndiyo bado iko kazini. Kila wiki mmoja wenu ananipigia simu: "Mama Espoir, hamira gani ni nzuri?" Swali safi kabisa. Ni sawa na kumuuliza fundi cherehani nguo gani inakaa vizuri, bila kumwambia ni ya mtoto wa kubatizwa au ya askari. Nikiuliza unapika bia gani, unajibu, "Ya Kijerumani, lakini ya kujaribu-jaribu." Haya. Wa kujaribu-jaribu nawajua sana. Wengi wao nilikuwa nawaelekeza pia duka la rangi ya kupaka upya dari za jikoni, maana chupa zao zilishalipuka.

Kwa wasionijua: natoka Bukavu, nakaa Bredäng, na kwa miaka kumi na mitatu nilifanya kazi katika duka la vifaa vya kutengenezea bia nyumbani hapa Stockholm. Mwenye duka aliitwa Göran, mrefu, mwenye sweta moja ya kijani na subira nyingi. Aliuza kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia, ndoo, chupa, na maua ya hopsi yale yanayoipa bia uchungu. Lakini moyo wa duka ulikuwa friji la hamira, kutoka sakafuni mpaka darini. Wateja walikuwa Waswidi wanaotengeneza bia nyumbani kwa sababu duka la serikali la pombe hufungwa Jumamosi mchana. Watu hao hao wanajua basi lao litafika dakika ya arobaini na saba, lakini hawawezi kukumbuka kununua bia siku ya Ijumaa.

Sikuajiriwa kwa sababu ya hamira, msije mkajipa moyo bure. Niliajiriwa kupiga deki. Siku moja Göran na wenzake wa chama cha watengenezaji bia walikuwa wamekaa na glasi mezani, wanatafuta kasoro ya bia fulani. Walikuwa wananusa, wanaandika, wananusa tena, sura zao za mazishi. Mimi nikapita na ndoo yangu ya maji machafu. Kiswidi changu wakati huo kilikuwa maneno kama thelathini, na kwa bahati mojawapo lilikuwa ndizi. Nikasema, "Banan." Göran akanusa, akanitazama, akanusa tena. Bia ile ilikuwa imechachushwa kwenye joto kupita kiasi, na hamira ikikaa kwenye joto hutoa harufu ya ndizi mbivu. Kwa bia ya baridi ya Kijerumani hilo ni kosa kubwa. Kuanzia siku hiyo deki alipiga mtu mwingine.

Göran akaanza kunifundisha kana kwamba nimezaliwa asubuhi ile. Alinieleza polepole, kwa mikono, kwamba hamira ni kitu chenye uhai. Kinakula sukari, kinatoa pombe na gesi. Nikaitikia kwa kichwa. Bibi yangu kule Walungu alikuwa anatengeneza kasiksi, yaani pombe yetu ya ndizi, kabla baba yake Göran hajakutana na mama yake. Lakini sitawadanganya. Yule bwana alijua mengi, hakuchoka kuulizwa, na mimi nililipenda lile friji. Nililipenda kuliko nilivyopenda vitu vingi vya nchi hii katika miaka ile ya kwanza.

Mnataka kusikia makosa yangu, najua, mafanikio ya wazee huwa mnayaruka. Basi sikilizeni. Kulikuwa na hamira za maji zilizokuja katika vifuko. Ndani ya kifuko kuna kifuko kingine kidogo cha chakula chake. Unakipiga kwa kiganja kinapasuka, hamira inakula, na kifuko cha nje kinavimba kama mto wa kulalia. Mimi hayo sikuambiwa. Asubuhi moja Göran aliacha vifuko kumi na kimoja mezani vimevimba, tayari kwa semina ya watengenezaji wapya. Jamani, kwetu kopo la samaki likivimba unalitupa mbali na watoto na unanawa mikono mara mbili. Nikavitupa vyote kwenye pipa la nje, nikanawa mikono, nikajisifu moyoni kwamba nimeokoa maisha ya watu. Göran alirudi, akaangalia meza, akaangalia pipa, akaniangalia mimi. Halafu akaenda kutengeneza kahawa. Mswidi akikukasirikia kweli kweli anakutengenezea kahawa. Tulikunywa kikombe kizima, mpaka tone la mwisho.

Basi, ushauri mnaoutaka. Usichague hamira kwa jina la mji. Alikuja mteja akataka hamira ya München kwa sababu aliwahi kuwa na mchumba huko. Nikamuuliza chumba chake cha kuchachushia kina nyuzi joto ngapi, akaniambia habari za mchumba. Hamira haijui mchumba wako. Inajua joto, inajua kama imeingia nyingi au kidogo kwenye ndoo, na inajua kama umeichelewesha mpaka tarehe imepita. Kama una mahali penye nyuzi kumi tu, tena za kudumu, chukua ile ya bia ya baridi na uwe na subira. Kama huna, usijifanye unayo.

Mwalimu mmoja wa hesabu alijifanya anayo. Aliweka ndoo yake barazani mwezi wa tatu, akasema baraza ina wastani wa nyuzi kumi. Wastani! Mchana jua lilikuwa linaichoma, jioni barafu inaikaba, na wastani ulikuwa mzuri ajabu. Aliniletea chupa ikinuka mayai na ndizi pamoja. Nikamwambia ukweli, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuwaambia watu wazima kwamba wiki zao sita zimekwenda na maji. Akasema asante kwa sauti ya mtu anayetoka kusaini talaka. Nikampa hamira ya mtindo wa Köln, ambayo huvumilia nyuzi kumi na sita na bado inatoa bia safi, inayong'aa. Akawa mteja wangu mpaka nilipostaafu, na hakutamka tena neno wastani mbele yangu.

Hiyo hamira ya Köln ndiyo iliyokaribia kumnyima mwanangu mke.

Espoir wangu ni fundi umeme. Alimpenda Aline, binti wa Kirundi anayehudumia wazee, mwenye kicheko cha kusikika ghorofa tatu. Baba yake, Mzee Déo, alikaa Tumba, nje kidogo ya Stockholm. Kwa Warundi, kama kwetu Kivu, wanaokuja kuposa huja na pombe ya ndizi kwenye chungu, pamoja na mirija, na watu wa pande zote mbili hunywa humo humo. Wao wanaiita urwarwa, sisi kasiksi, na kila upande unaamini mwingine ameiga. Soda na bia ya duka ni heshima tu ya pembeni. Bila ya ndizi, maneno hayaanzi.

Sasa, ndizi za pombe utazipata wapi Stockholm? Za dukani ni za watoto kubeba shuleni. Zile za Rinkeby kwenye maduka ya Kiafrika ni za kupika. Shemeji yangu Bosco, mdogo wa marehemu mume wangu, aliwahi kujaribu za dukani na hamira ya mkate, kwa harusi ya mtu mwingine. Kilichotoka kilikuwa supu ya rangi ya matope, na mtu mwingine huyo hamsalimii mpaka leo. Mimi nikasema moyoni, niachieni, mimi ni mtaalamu. Mimi ndiye pua. Nikapika bia ya mtindo wa Köln, nikaikalisha wiki sita, ikatoka unaweza kusoma gazeti kupitia glasi. Nikaibeba Tumba nikiwa nimevaa kitenge changu cha Pasaka.

Mzee Déo aliinywa glasi nzima, polepole, kwa adabu. Halafu akaweka glasi chini.

"Mama Espoir, hii pombe haina kosa hata kamoja," akasema. "Mutu anaweza kuikunywa mbele ya polisi. Iko safi sana. Lakini sasa, mumekuja kuoa mutoto wangu ao munataka kuoa friji?"

Ndugu zake wakacheka. Bosco wetu pia akacheka, msaliti yule.

"Haraka haina," Mzee akaendelea. "Mwende, murudi na pombe yetu. Lakini mujue, kisha wiki tatu mimi naenda Bujumbura. Dada yangu anagonjwa. Siku ya kurudi siijui."

Wiki tatu. Bila neno lake Aline asingeolewa, na binti mwenyewe alishamwambia Espoir hivyo, macho makavu. Ndani ya gari mwanangu aliendesha mpaka tukapita vituo vya treni viwili. Halafu akasema kwa Kiswidi, lugha anayoitumia akitaka kuniumiza bila kunikosea adabu: "Du och din jäst, mamma." Wewe na hamira yako, mama. Niliumia. Niliumia kwa sababu alikuwa sahihi. Nilikwenda kumuombea mke, nikatumia nafasi hiyo kuonyesha cheti.

Kesho yake dukani nilikuwa naosha glasi za kuonjea. Moja ilikuwa na mabaki ya bia ya ngano, ile ya Kijerumani ya kusini, yenye ukungu. Nikainusa kwa mazoea. Ndizi. Si kosa, hapana, ndivyo ilivyotakiwa kuwa, kwa sababu hamira ya bia ya ngano hutoa ndizi na karafuu kwa tabia yake, hata kama hakuna ndizi wala karafuu mahali popote. Nikasimama na ile glasi mkononi, maji yanamwagika. Miaka yote nilikuwa nalipwa kufukuza ndizi kwenye bia za watu.

Nikamfuata Göran. "Nikitaka ndizi nyingi, nyingi sana, nifanye makosa gani?"

Alivua miwani. Kwa uso wa daktari anayeulizwa namna nzuri ya kuvunja mguu, akanihesabia. Hamira ya ngano, lakini uitie kidogo kuliko inavyotakiwa, ihangaike. Joto nyuzi ishirini na nne, si kumi na nane. Chombo kipana, bila kizibo, kitambaa tu juu. "Ni yote niliyokukataza," akasema.

"Yote," nikasema. "Nipe kifuko."

Nikapika. Kimea cha ngano zaidi ya nusu, cha shayiri kiasi, hopsi za kubanwa kwa vidole viwili tu. Na mtama. Mtama niliununua Rinkeby, nikauotesha juu ya taulo bafuni, nikaukausha, nusu nikaikaanga kwenye kikaango mpaka ikanukia, nikasaga. Sijui kama Ujerumani wana jina la bia ya namna hiyo. Wakilipata wanitumie.

Shida ikawa joto. Nyumbani kwangu kulikuwa na nyuzi ishirini, na wiki tatu zilikuwa zinakwenda. Lakini chini ya jengo letu kuna chumba cha kufulia cha wapangaji wote, na pembeni yake chumba cha kukaushia nguo, chenye joto tamu la Bukavu mwaka mzima. Nikaandika jina langu kwenye ratiba kwa saa zote zinazoruhusiwa, nikaingiza ndoo yangu pana, nikaifunika kwa kitambaa cha meza. Kwa majirani nikawa mwanamke anayefua kuliko hoteli.

Siku ya pili nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Mswidi hakugombezi ana kwa ana, anabandika karatasi. Iliandikwa: "Wewe mwenye ndoo! Hapa tunakausha NGUO." Chini yake wamechora uso unaotabasamu. Nikaiondoa, nikaweka shuka moja kwenye kamba ili kutimiza sheria. Siku ya tatu karatasi nyingine, mwandiko ule ule: "Harufu ya ndizi ni nzuri, lakini sheria ni sheria. Kesho msimamizi anaiondoa ndoo."

Vijana, niliibusu karatasi ile. Mtu asiyenijua, asiye na sababu ya kunifurahisha, mwenye hasira juu yangu, amenusa ndizi! Hakuna jopo la majaji duniani linaloweza kukupa hukumu safi namna hiyo. Nikaibeba ndoo juu kabla msimamizi hajaja, nikaizungushia blanketi na chupa za maji ya moto, ikamalizia safari yake bafuni. Kwa siku nne Espoir alioga kwa Bosco.

Kulikuwa na jambo moja bado. Nilionja, nikakuta ndizi ipo, ukungu upo, lakini kitu kinapungua, na sikujua nini. Ndipo nikamkumbuka Bibi. Bibi hakuchagua hamira maisha yake yote. Hakuwahi kuliona friji. Alikuwa anarusha konzi ya unga wa mtama uliooteshwa, mbichi, na hamira ilikuja yenyewe ndani ya unga. Nilikuwa nimesimama mbele ya friji miaka yote nikichagua, nikasahau hamira niliyokua nayo. Nikachukua ule unga uliobaki bila kukaangwa, nikarusha konzi moja, jioni mbili kabla ya siku yenyewe. Ikachangamka upya na kupata uchachu kidogo. Na hapa mnisikilize: bia ya namna hiyo usiitie kwenye chupa, itakuua. Inanyweka ikiwa bado inafanya kazi.

Tukaenda Tumba siku nne kabla ya Mzee kusafiri. Bosco ndiye msemaji wetu, kwa sababu ana suti. Chungu kikawekwa katikati ya sebule, mirija ikatiwa. Mzee Déo akainama, akanyonya. Akafumba macho. Akanyonya tena, muda mrefu, mpaka mke wake akamtazama. Espoir mkono wake ulikuwa umenikamata kitenge kama alipokuwa na miaka mitano.

"Mmm," Mzee akasema. "Ndizi mulizitoa wapi?"

Bosco akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mzee, hizi ndizi zilitoka Uganda kwa ndege, shamba la binamu yetu, tuliziagiza hasa kwa heshima yako. Zilifika juzi zikiwa bado..."

Alikuwa anaendelea vizuri. Kila mtu alikuwa anaitikia. Ningenyamaza, na mwanangu angeoa mchana ule ule. Lakini nilikuwa nimekaa miaka kumi nikiwaambia watu usoni kilichomo kwenye ndoo zao, hata waliotaka kulia, na mdomo wangu ulishazoea kazi hiyo kuliko mimi.

"Hakuna ndizi," nikasema.

Bosco akakohoa. Espoir akanong'ona, "Mamma!"

"Hakuna hata moja, Mzee. Ni ngano, shayiri na mtama. Harufu ni ya hamira ya Wajerumani, nimeitesa kwa joto pale tunapofulia nguo, Bredäng. Uchachu ni wa mtama, namna bibi yangu alifanya. Basi."

Aline alikuwa amesimama mlangoni na sinia, hatikisiki. Nilitamani kupiga deki.

Mzee Déo akapangusa mdomo. "Nilijua," akasema. "Ndizi za pombe tunazivundika ndani ya shimo na moto kidogo, pombe inabaki na moshi. Hii haina moshi." Akamgeukia Bosco. "Mwanangu, na moshi je? Muliuacha kwa uwanja wa ndege?"

Kicheko kilichofuata kilisikika nadhani mpaka kituo cha treni. Bosco alikaa, suti na kila kitu. Mzee yeye hakucheka. Alinitazama, akaniangalia kitenge, akaangalia chungu.

"Aline," akaita. "Leta murija mwingine. Umupe mama mukwe wako."

Nililia, ndiyo. Espoir pia, na sasa anakataa.

Kilichobaki kwenye chungu nilimpelekea Göran Jumatatu, kama chupa moja ya maji, kizibo kimelegezwa. Alichukua karatasi yake ya kuhukumia bia, akainusa, akaandika. Ndizi: imezidi mno. Rangi: matope. Uchachu: kuna hamira ya mwituni imeingia, usafi mbaya. Mtindo: haujulikani. Aliandika huku anajimiminia, na alipomaliza kuandika chupa nayo ilikuwa imekwisha. Karatasi ile ninayo jikoni, ndani ya fremu, karibu na picha ya harusi. Mstari wa mwisho ni wa ushauri kwa mtengenezaji, na Göran kaandika kwa wino mwekundu: badilisha hamira.

Nina wajukuu wawili. Sikuibadilisha.